Wasokotaji wa Biri na Msomaji Waliyemlipa Wenyewe

Mkulima wa tumbaku huagana na jani lake siku robota linapoteremshwa mizanini. Amelilea kitaluni, amelihamishia shambani, amelipalilia na kulikausha banini, kisha amekesha akilipanga kwa madaraja; lakini akishapokea malipo yake, njia ya jani na njia yake huachana. Kurasa nyingine za kitabu hiki cha kumbukumbu zinasimulia habari za chama chetu wenyewe katika miaka kumi iliyopita, na wanaozisimulia wanazijua kuliko mimi. Mimi nimeomba nafasi nisimulie habari za watu wa mbali, ambao hawakulima tumbaku bali waliipokea mezani ikiwa kavu, wakaisokota kwa mikono: wasokotaji wa biri wa Havana, katika kisiwa cha Kuba, na ndugu zao waliohamia Key West na Tampa katika jimbo la Florida, Marekani. Hawakuwa na ushirika wa mazao kama wetu. Walikuwa watu wa ujira, wakilipwa kwa hesabu ya biri walizosokota. Hata hivyo walikuwa na kitu kimoja walichokinunua kwa fedha zao wenyewe, wakakitetea kwa zaidi ya miaka sitini, na habari ya kitu hicho ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kwanza sharti nieleze kazi yenyewe. Biri si sigara. Sigara ni tumbaku iliyokatwakatwa ikatiwa katika karatasi, na jani letu sisi kwa sehemu kubwa huishia huko. Biri haina karatasi. Ni jani ndani, jani katikati na jani nje. Ndani ni moyo wa biri, nao huchanganywa kwa majani ya namna tatu, ambayo kila mkulima atayatambua kwa mahali pake juu ya mche. Majani ya juu, yaliyopigwa jua zaidi, ndiyo makali, nayo huungua polepole. Ya katikati huleta harufu nzuri. Ya chini ni mepesi, na kazi yake ni kushika moto. Msokotaji huyapokea yote, akaliweka jani kali katikati ya konzi na mengine pembeni, akayakunja moja moja mkononi ili moshi upate njia ya kupita. Akibana mno, biri haivutiki; akilegeza mno, huungua upesi na kuchoma ulimi wa mvutaji. Hapana kipimo cha jambo hili ila vidole.

Moyo ukishakuwa tayari hufungwa kwa jani la pili, lenye nguvu, kisha huvikwa jani la nje. Jani hilo ndilo aghali kuliko yote. Hutoka katika mimea iliyolelewa chini ya kivuli cha vitambaa ili liwe jembamba, laini, lisilo na doa, na sifa kubwa ya majani ya Kuba ni ya wilaya ya Vuelta Abajo, magharibi ya kisiwa. Msokotaji hulitandaza ubaoni, akalikata kwa kisu kipana kisicho na mpini, akalizungusha kuanzia mguuni mwa biri hata kichwani, na hapo akakibandika kifuniko kidogo cha jani kwa gundi ya mimea. Nusu ya kulia ya jani huzungushwa upande mmoja, na nusu ya kushoto upande wa pili, kwa sababu mishipa yake imeelekea kinyume. Kwa hiyo fundi kamili alihitaji mikono miwili iliyo sawa kwa ustadi. Kijana alikaa mwanagenzi kwa miaka kabla ya kuitwa fundi, na fundi wa biri za kawaida aliweza kusokota mia na zaidi kwa siku. Kabla ya hayo yote, jani lilikuwa limekwisha kupita katika mikono ya wanawake waliotoa uti wa kati, kazi yenye malipo madogo kuliko zote na isiyotajwa sana katika sifa za biri.

Chumba cha kusokotea kilikuwa kirefu, chenye safu za meza kama madarasa ya shule. Madirisha yalifungwa ili upepo usilikaushe jani likavunjika. Vumbi la tumbaku lilikaa humo kutwa, na kifua kikuu kiliwaua wasokotaji wengi; asiwepo mtu wa kudhani kwamba ninaisifu kazi ile kuwa ya raha. Lakini ilikuwa na jambo moja lisilo la kawaida katika viwanda: ilikuwa kazi ya kimya. Hapakuwa na mashine ya kunguruma. Mikono ilishughulika, macho yalishughulika, masikio yalikuwa bure. Ndipo lilipozaliwa wazo la kuyapa masikio kazi.

Mwaka 1865, mwezi wa Desemba, katika kiwanda cha El Fígaro mjini Havana, wasokotaji walikubaliana kwamba mmoja wao aache kusokota kwa muda awasomee wenzake kwa sauti. Kwa kuwa alilipwa kwa hesabu ya biri, kila aliyesikiliza alitoa mchango kufidia ujira aliopoteza. Muda mfupi baadaye, mwaka 1866, desturi hiyo iliingia katika kiwanda kikubwa cha Partagás. Gazeti la wafanyakazi lililoitwa La Aurora, lililoanzishwa mwaka 1865 na Saturnino Martínez, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa biri, liliitetea desturi hiyo na kuieneza. Wakati ule Kuba ilikuwa koloni ya Hispania, na utumwa ulikuwa bado halali kisiwani. Haukufutwa kabisa mpaka mwaka 1886. Wasokotaji wengi hawakujua kusoma. Basi watawala wakaona haraka yale ambayo pengine wasokotaji wenyewe walikuwa hawajayaona, kwamba chumba cha watu mia wanaosikiliza kitabu kimoja si chumba kile kile cha jana. Mwezi wa Mei 1866, miezi mitano tu tangu siku ya kwanza, amri ilitoka kukataza usomaji viwandani kwa kisingizio kwamba unawapotezea wafanyakazi fikira. Desturi ikazimwa Havana, ikafufuka baadaye, ikazimwa tena kwa vipindi, kadiri siasa ilivyogeuka.

Vita vya kwanza vya kudai uhuru wa Kuba vilianza mwaka 1868, vikadumu miaka kumi. Wenye viwanda na wasokotaji wakavuka bahari. Vicente Martínez Ybor alihamishia kiwanda chake Key West mwaka 1869, na mwaka 1886 viwanda vya kwanza vikaanza kazi karibu na Tampa, mahali palipokuja kuitwa Ybor City kwa jina lake. Hapo palikuwa na mchanga, mbu na vinamasi. Baada ya miaka michache pakawa mji wa Wakuba, Wahispania na Waitaliano, wote wakiishi kwa jani. Na pamoja na meza, visu na marobota, wasokotaji walikuja na msomaji wao.

Huko Florida ndiko desturi ilikokomaa, nami napenda wanachama waangalie jinsi ilivyoendeshwa, maana tunajua sisi wenyewe kwamba wazo jema bila utaratibu huishia mkutanoni. Msomaji hakuwa mtumishi wa kiwanda. Wasokotaji walimchagua baada ya kumsikia akijaribiwa, na sauti ilikuwa sifa ya kwanza, kwa kuwa hapakuwa na kipaza sauti na chumba kilikuwa na mamia ya watu. Walichagua mwenzao mmoja kuwa mkuu wa usomaji, na siku ya malipo kila mtu alitoa senti zake. Mwenye kiwanda alitoa nafasi tu ya jukwaa. Juu ya jukwaa hilo, lililoinuliwa kati ya meza, msomaji aliketi akasoma habari za magazeti, na saa nyingine za siku zikawa za riwaya. Kitabu kilichaguliwa kwa kura. Wakapigia kura Cervantes, Victor Hugo, Zola, Dumas. Kikiisha, wakapiga kura tena. Aliyependezwa aligonga ubao kwa kisu chake, na chumba kizima kikigonga ilisikika kama mvua juu ya bati. Wasipopendezwa, visu viliangushwa sakafuni. Mtu asiyeweza kuandika jina lake aliweza kukusimulia Don Quixote sura kwa sura na kubishana nawe juu yake.

Wanawake nao walisokota, na mara chache wakapanda jukwaani. Luisa Capetillo wa Puerto Rico, aliyeandika sana juu ya haki za wanawake na za wafanyakazi, alikuwa msomaji katika viwanda vya kwao, na katika miaka ya 1910 alisoma Ybor City pia.

Wala si Wakuba peke yao. Samuel Gompers, aliyezaliwa London mwaka 1850, akasokota biri tangu utoto, akahamia New York na wazazi wake mwaka 1863, ameandika katika kumbukumbu za maisha yake kwamba katika karakana alizofanyia kazi mmoja alisoma na wenzake wakampa sehemu ya biri zao asipungukiwe ujira. Gompers huyo ndiye aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi vya Marekani mwaka 1886, akaliongoza, isipokuwa mwaka mmoja, hadi kufa kwake mwaka 1924. 

Yaliyosomwa yalikuwa na matokeo. José Martí, mshairi na kiongozi wa wazalendo wa Kuba, alifika Tampa kwa mara ya kwanza mwezi wa Novemba 1891, akahutubia wasokotaji, na chama cha mapinduzi alichokianzisha mwaka 1892 kilipata sehemu kubwa ya fedha zake kutoka katika mishahara yao. Watu waliozoea kutoa senti kwa msomaji hawakuona taabu kutoa siku ya ujira kwa ajili ya nchi yao. Inasimuliwa Tampa hadi leo kwamba amri ya kuanza vita mwaka 1895 ilivushwa baharini ikiwa imesokotwa ndani ya biri. Huenda ni hadithi tu, lakini ni hadithi ambayo msokotaji angeipenda.

Sasa nije kwenye mizani, maana najua ya kuwa neno hilo halipiti masikioni mwa mkulima bila kumshtua.

Mwaka 1899, katika kiwanda cha Martínez Ybor, wenye mali waliingiza mizani chumbani. Tangu zamani msokotaji alichukua majani ya moyo kadiri mkono wake ulivyojua, akasokota, akalipwa kwa biri zilizokubaliwa. Tena palikuwa na desturi ya kujichukulia biri chache kila siku za kuvuta mwenyewe. Amri mpya ilisema kwamba majani yatapimwa, na kwa uzito fulani sharti zipatikane biri kadhaa, wala si pungufu. Katika daftari la mwenye kiwanda jambo hilo lilikuwa la busara tupu. Mezani lilikuwa jambo jingine. Tumbaku ya kusokotwa hutiwa unyevu isivunjike, nasi tunajua sana unyevu unavyoweza kufanya juu ya mizani: uzito ni ule ule, majani si yale yale. Aliyepewa robo yenye maji atapungukiwa, naye ataitwa mbadhirifu. Lakini kilichowachoma zaidi ni kuhesabiwa wezi, tena mbele ya watu. Wakaweka visu chini. Mgomo ulienea katika viwanda vya mji, ukadumu kwa majuma, na mwisho wenye mali wakakubali kuiondoa mizani. Mgomo ule hata sasa huitwa, kwa Kihispania, mgomo wa mizani. Mimi sina neno juu ya mizani yenyewe. Ushirika wetu usingesimama siku moja bila mizani ya haki. Shida ilikuwa kwamba ya Tampa iliwekwa na upande mmoja, ikasomwa na upande mmoja, na upande wa pili ukaambiwa uamini.

Baada ya ushindi huo walianzisha chama chao kilichojulikana kwa jina la La Resistencia, lakini ushindi haukudumu. Katika mgomo wa mwaka 1901 raia wenye uwezo wa Tampa waliunda kamati ya kichinichini. Usiku mmoja wa Agosti wakawakamata viongozi kumi na watatu pasipo mahakama wala hati, wakawapakia katika chombo na kuwatupa pwani ya Honduras. Mgomo ukavunjika. Ulikuja mwingine mwaka 1910, na mwingine mwaka 1920 uliodumu miezi kumi, na yote miwili iliwaacha wasokotaji wakiwa maskini kuliko walivyoingia.

Katika mambo ya kusaidiana walifaulu zaidi. Wahispania walianzisha nyumba yao ya chama mwaka 1891, Waitaliano mwaka 1894, watu wa Asturias mwaka 1902, na Wakuba nao wakawa na yao. Kwa ada ndogo mwanachama alipata daktari, dawa, na mazishi ya heshima; vyama viwili vilijenga hospitali zao wenyewe. Majengo yao mengine yangali yamesimama Ybor City. Lakini ukweli mwingine hauna budi kuandikwa pamoja na huo. Wakuba weusi na weupe walikuwa wameketi pamoja mezani na kutoa mchango mmoja kwa uhuru wa nchi yao; mara walipopata nafasi ya kujenga chama Florida, chini ya sheria za kutenga rangi za jimbo lile, walitengana, na Wakuba weusi wakaunda chama chao wenyewe, kilichokuja kuitwa La Unión Martí-Maceo. Chama hicho kilihudumia watu wake kwa uaminifu. Ila sifahamu jinsi wale wengine walivyoweza kuiangalia picha ya Antonio Maceo, jemadari mweusi wa vita vyao, wakiwa wamewafungia mlango watu wa rangi yake.

Katika miaka ya 1920 biri ilianza kushindwa. Sigara za karatasi zilikuwa rahisi, na mashine za kusokota biri zilizosimamiwa na wasichana wachache zilifanya kazi ya mafundi wengi. Baada ya mwaka 1929 ikaja dhiki kuu ya biashara ulimwenguni. Viwandani Tampa wasomaji walizidi kusoma magazeti ya kikomunisti na ya vyama vya wafanyakazi, kwa kuwa hayo ndiyo wasikilizaji waliyoyataka. Mwezi wa Novemba 1931 wenye viwanda wakatangaza kwa pamoja kwamba usomaji umekwisha. Taabu zote, walisema, zinatoka juu ya jukwaa.

Wasokotaji walijibu kwa hoja iliyo nyepesi kueleweka. Msomaji si mtu wenu. Hamkumwajiri, hamumlipi, basi hamwezi kumfukuza. Wenye mali nao walikuwa na jibu jepesi: jukwaa limo ndani ya jengo letu. Majukwaa yakabomolewa. Wafanyakazi wakatoka kwa mgomo wa siku tatu, na waliporudi walikuta milango imefungwa. Walikaa nje hadi katikati ya Desemba, mwaka ambao hapakuwa na kazi nyingine mahali popote, kisha wakaingia pasipo msomaji. Hakurudi tena Tampa. Mahali pake viwanda kadhaa viliweka redio, na redio haikudai senti ya mtu siku ya malipo, wala haikuuliza kitabu kipi kifuate.

Baadhi ya waliokuwa wasomaji walikwisha kupata njia nyingine. Victoriano Manteiga, aliyewahi kusoma jukwaani, alikuwa ameanzisha gazeti la La Gaceta mwaka 1922, nalo liliendelea kutolewa Tampa kizazi baada ya kizazi, kwa Kihispania, Kiingereza na Kiitaliano.

Havana mambo yalikwenda namna nyingine. Huko redio iliingia viwandani, lakini haikumshusha msomaji, vikakaa pamoja. Biri zenyewe zilichukua majina ya vitabu: Romeo y Julieta kwa tamthilia ya Shakespeare, na Montecristo, iliyoanza mwaka 1935, kwa riwaya ya Dumas, ambayo inasemekana wasokotaji hawakuchoka kuisikia. Mwaka 1960 serikali ya mapinduzi ilivitaifisha viwanda, na tangu hapo msomaji akawa mtu wa kulipwa mshahara na kiwanda, si kwa michango ya waliomsikiliza. Kwangu hilo ni badiliko kubwa kuliko linavyoonekana. Hata hivyo asubuhi husomwa gazeti, baadaye riwaya. Riwaya ikiisha, wasokotaji hupiga kura juu ya itakayofuata, na ikiwapendeza hugonga ubao kwa visu vyao.